Desemba 12: Siku setilaiti yenye jina la Kiswahili ilipopaa kutoka baharini Malindi

Ukimtajia Mkenya tarehe Desemba 12, jibu ni moja tu: Jamhuri Dei. Gwaride, hotuba ya rais, bendera ndogo mikononi mwa watoto, na jioni nyama choma. Ni siku ambayo Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwaka uliofuata, tarehe ileile, ikawa jamhuri.

Lakini wako watu duniani ambao wakisikia neno "Uhuru" hawafikirii bendera wala gwaride. Hao ni wanasayansi wa nyota. Kwao Uhuru ni setilaiti iliyorushwa Desemba 12, 1970, kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutazama anga kwa eksirei. Ndiyo, eksirei, hizihizi za hospitali.

Tutafika Ngomeni. Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mambo yaliyotokea tarehe hii miaka mingi kabla, na yanasaidia kuelewa kwa nini watu walikwenda kuhangaika na roketi katikati ya bahari.

1901: Nukta tatu kuvuka Atlantiki

Desemba 12, 1901, saa sita na nusu mchana kwa saa za huko, Mtaliano mmoja wa miaka 27 alikuwa amekaa kwenye chumba kidogo juu ya kilima cha Signal Hill, St. John's, kisiwani Newfoundland. Sikioni ameshika kifaa kama cha simu. Nje upepo unavuma kwelikweli, na antena yake ni waya ulioning'inizwa kwenye kishada, kile cha kurushwa na watoto ila kikubwa zaidi. Puto walilopanga kulitumia lilikuwa limeshachukuliwa na upepo.

Jina lake Guglielmo Marconi. Alichokuwa anasubiri ni nukta tatu. Wenzake walioko Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza, walikuwa wakituma herufi S kwa alfabeti ya Morse: ti-ti-ti, ti-ti-ti, bila kukoma. Umbali ni takriban kilomita 3,500, na katikati hakuna waya, ni maji matupu.

Marconi alisema amezisikia. Akampa msaidizi wake George Kemp kile kifaa, naye akasema amezisikia.

Sasa hapo ndipo ubishi ulipoanza. Hakukuwa na mashine ya kurekodi, ni masikio ya watu wawili tu, tena wote wa upande mmoja. Na kwa elimu ya wakati ule jambo lenyewe halikuwezekana. Mawimbi ya redio yanakwenda moja kwa moja kama mwanga. Dunia ni mviringo. Mawimbi yanayotoka Uingereza yalitakiwa yapitilize juu na kupotea angani, wala yasiinamie Newfoundland. Hadi leo wapo wahandisi wanaoamini kwamba Marconi alisikia mikwaruzo ya radi tu, kwa sababu masafa aliyotumia hayasafiri vizuri mchana.

Kampuni ya simu za waya iliyokuwa na haki ya peke yake kisiwani haikungoja ubishi uishe. Ilimtishia Marconi kumpeleka mahakamani kama hataacha, naye akahamishia majaribio yake Kanada. Ukiona mwenye biashara anamwogopa mtu ambaye wataalamu wanasema kazi yake haiwezekani, jua wataalamu wana la kujiuliza.

Mwaka uliofuata Oliver Heaviside wa Uingereza na Arthur Kennelly wa Marekani, kila mmoja kivyake, walitoa wazo: huenda juu kabisa ya hewa kuna tabaka lenye umeme linaloyarudisha mawimbi chini, kama mpira unavyodunda kwenye dari. Mwaka 1924 Edward Appleton akathibitisha kwa vipimo kuwa tabaka hilo lipo. Ndilo lililowafanya wazee wetu washike Redio Cairo au BBC usiku wakiwa kijijini kwenye redio ya mbao.

Na nini kinachotengeneza tabaka hilo? Ni mionzi mikali ya jua, zikiwemo eksirei. Zinafika kwenye hewa ya juu, zinazipasua chembe zake, na zinaishia hukohuko. Shika hilo, tutalihitaji.

1921: Mwanamke aliyetupa rula ya kupimia anga

Miaka 20 kamili baada ya Marconi, Desemba 12, 1921, Henrietta Swan Leavitt alifariki kwa saratani mjini Cambridge, Massachusetts, Marekani. Magazeti hayakushtuka.

Leavitt alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa na kituo cha nyota cha Harvard kukagua picha za anga zilizopigwa kwenye vioo. Alilipwa senti 30 za dola kwa saa. Usikivu wake ulikuwa umeharibika. Kazi ilikuwa ya kukaa, kukodoa macho na kulinganisha kidoa na kidoa, na kwa njia hiyo aligundua zaidi ya nyota 2,000 ambazo mwanga wake hupanda na kushuka.

Mwaka 1912, kwa kutumia nyota 25 za aina hiyo zilizo kwenye Wingu Dogo la Magellan, akaonyesha kuwa kadiri nyota inavyochukua muda mrefu kupanda na kushuka, ndivyo ilivyo na mwanga mkubwa kwa asili yake. Maana yake ni hii: ukihesabu siku tu, unajua taa ina nguvu kiasi gani. Ukishajua nguvu ya taa, ukaona jinsi inavyofifia ukiwa mbali, unapata umbali. Kwa rula hiyo Edwin Hubble alionyesha, muda mfupi baada ya Leavitt kufa, kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa iliyo nje ya yetu.

Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Hakujua kuwa mwenyewe alishafariki zaidi ya miaka mitatu nyuma. Tuzo hiyo hapewi marehemu.

1961: "HI" kutoka kwenye buti la roketi

Hii ni fupi. Desemba 12, 1961, siku tatu tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, roketi ya jeshi la anga la Marekani iliondoka kituo cha Vandenberg, California, ikiwa na mzigo wa kijeshi. Pembeni, mahali ambapo kwa kawaida ungewekwa uzito wa kusawazisha tu, ilibeba kiboksi cha kilo nne na nusu hivi kilichotengenezwa na wapenzi wa redio, watu wa kazi za kawaida wanaofanya redio kwa mapenzi yao.

Kiliitwa OSCAR 1. Kazi yake ilikuwa kusema "HI" kwa Morse: nukta nne, halafu nukta mbili. Wapenzi wa redio zaidi ya 500 kutoka nchi 28 walikisikia kabla hakijaanguka na kuungua. Marconi alihitaji kishada kusikia nukta tatu. Miaka 60 baadaye, siku ileile, mtu alizisikia nukta kutoka angani akiwa nyumbani kwake.

Mkumbuke huyo Vandenberg. Atarudi.

1970: Ngomeni

Tumefika nyumbani.

Tatizo la eksirei za angani ni lile tulilolisema: hewa inazizuia. Kwa sisi viumbe hiyo ni rehema, zingetumaliza. Lakini kwa anayetaka kuziona, hewa ni ukuta. Huwezi kujenga darubini ya eksirei juu ya Kilimanjaro ukaona kitu. Ni lazima utoke nje ya hewa kabisa.

Mwaka 1962, Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, na wenzake walirusha roketi iliyopanda na kushuka kwa dakika chache. Walikuwa wanatafuta eksirei kutoka mwezini. Mwezini hawakuona, ila walikuta kitu kinawaka vikali kwenye kundi la nyota la Nge, mbali kabisa nje ya familia ya jua letu. Hakuna aliyekitarajia. Roketi nyingine zilifuata, na kufikia mwisho wa miaka ya 60 vilijulikana vyanzo makumi machache tu. Ilikuwa sawa na kuchungulia chumba kwa kuwasha na kuzima kiberiti. Giacconi akataka taa isiyozimika, yaani setilaiti.

Ilipewa jina la kiofisi SAS-1. Vifaa vyake vya kunasa eksirei vilitengenezwa na kampuni aliyokuwa akifanyia kazi Giacconi, mjini Cambridge, Massachusetts, mji uleule wa Leavitt. Uzito wake ulikuwa kama kilo 140, karibu sawa na pikipiki ya bodaboda yenye tangi limejaa na mzigo kidogo nyuma.

Kwa nini basi iletwe Kenya?

Sababu ya kwanza ni mwendo. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakimbia kilomita 1,670 kwa saa hivi. Roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki inaondoka tayari ikiwa na mwendo huo bila kulipia mafuta. Ngomeni ni takriban digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi, kwa hiyo mabaki ya roketi yanaanguka majini.

Sababu ya pili ndiyo iliyokuwa tamu zaidi kwa watu wa eksirei. Juu ya Brazil na Atlantiki ya kusini kuna eneo ambako mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia unashuka chini. Setilaiti ikipita humo vifaa vyake vinapigwa na chembe nyingi hadi havisikii kingine, kama kujaribu kuongea na mtu pembeni ya spika za harusi. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inalikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa.

Jukwaa lenyewe lilikuwa la Waitalia. Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia, alikuwa ndiye aliyelipigania. Yalikuwa majukwaa mawili yaliyosimama kwa miguu ya chuma kwenye sakafu ya bahari: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Aprili 1967 roketi ya kwanza ya kupeleka setilaiti iliondoka hapo. Wavuvi wa Ngomeni walikuwa wanaona kwa macho yao kitu ambacho sehemu kubwa ya dunia ilikisoma magazetini.

Kwa hiyo Desemba 12, 1970 hesabu ilikuwa hivi: setilaiti ya Marekani, roketi ya Marekani aina ya Scout, warushaji Waitalia, na bahari ya Kenya. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia mradi wa setilaiti katika NASA. Na kwa kuwa Kenya siku hiyo ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, yeye ndiye aliyependekeza SAS-1 iitwe Uhuru.

Jina likakamata. La kiofisi likasahaulika.

Uhuru iliona nini?

Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ikifagia anga kipande kwa kipande. Haikupiga picha kama tunazozijua. Ilikuwa inahesabu eksirei zinazoingia na kuandika zimetoka upande gani. Kazi ya karani tu. Lakini karani makini huona mengi.

Chanzo kimoja kinachoitwa Centaurus X-3 kilikutwa kinapigapiga kila baada ya sekunde 4.8, kama moyo. Na kila baada ya siku mbili na kidogo kinapotea kwa saa kadhaa, halafu kinarudi. Maelezo yakapatikana: ni nyota mbili zinazozungukana. Moja ni kubwa, ya kawaida. Nyingine ni nyota ya nyutroni, maiti ya nyota iliyojikandamiza mpaka uzito unaozidi wa jua zima ukaenea kwenye mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi, karibu na safari ya kutoka Malindi hadi Watamu. Ndogo ikipita nyuma ya kubwa, eksirei zinakatika. Na eksirei zenyewe zinatoka wapi? Ni gesi ya nyota kubwa inayonyang'anywa na jirani yake. Ikianguka kwa kasi inapata joto la mamilioni ya digrii na kuwaka.

Yaani wizi wa gesi kati ya majirani ndio uliokuwa unawasha vyanzo vingi vya eksirei, na kabla ya Uhuru hakuna aliyekuwa na ushahidi safi wa jambo hilo.

Halafu kuna Cygnus X-1, kwenye kundi la nyota la Bata Maji. Hiki hakikuwa na mapigo ya moyo. Kilikuwa kinayumbayumba ovyo, tena kwa kasi ya chini ya sekunde moja. Kitu kikibadilika haraka hivyo, lazima kiwe kidogo, kwa sababu hata mwanga unahitaji muda kukivuka. Wanasayansi wakakitafuta kwa darubini za kawaida, wakakuta mahali pale pana nyota kubwa ya bluu inayozungushwa na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku tano na nusu na kidogo. Walipokadiria uzito wa hicho kisichoonekana, kilizidi kiwango ambacho nyota ya nyutroni inaweza kubeba.

Likabaki jibu moja: shimo jeusi. Kitu ambacho kabla ya hapo kilikuwa hesabu za ubaoni sasa kilikuwa na anwani.

Si kila mtu alikubali haraka. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Hawking mwenyewe alikuwa ameyatumikia mashimo meusi maisha yake yote. Alisema dau lile lilikuwa bima, kwamba yasipokuwepo, basi angalau atapata jarida la bure la miaka kadhaa. Mwaka 1990 alikubali kushindwa. Vipimo vilivyotolewa 2021 vinalipa shimo hilo uzito wa majua 21.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Mwaka 2002 Giacconi alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kufungua dirisha hilo la eksirei.

Na sisi tulipata nini?

Hili ni swali la haki, hasa Jamhuri Dei.

Kutoka San Marco zilirushwa setilaiti tisa kati ya 1967 na 1988, za Italia, Marekani na Uingereza. Za Kenya: hakuna. Baada ya Machi 1988 hakuna kilichopelekwa angani kutoka hapo, na majukwaa yakabaki yakipigwa na chumvi. Kituo cha nchi kavu kiliendelea kufanya kazi, leo kikiwa chini ya shirika la anga la Italia.

Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka 2017. Mei 2018 kisanduku cha sentimita 10 kila upande, mradi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kiliachiwa kutoka kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Na Aprili 15, 2023 Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuangalia ardhi, ilipaa kwa roketi ya Falcon 9.

Ilipaa kutoka wapi? Vandenberg, California. Palepale OSCAR 1 ilipoondokea. Nchi yenye moja ya sehemu bora duniani za kurushia, iliyowahi kurusha setilaiti kabla watu wengi hawajaona televisheni, ilipanga foleni ng'ambo na kulipa nauli. Mtu anaweza kusema ni biashara tu, na kweli kupanda roketi ya pamoja ni nafuu kuliko kufufua jukwaa lenye kutu. Sawa. Lakini nauli na nafasi ya kujifunza si kitu kimoja, na kwa zaidi ya miaka 20 roketi ziliondoka Ngomeni bila Kenya kubaki na ujuzi wa kurusha hata moja.

Jina, hata hivyo, limebaki, tena mahali ambapo wengi hawajui. Wanasayansi wanapoandika kuhusu vyanzo vya eksirei, utakuta vimeitwa 4U 1820-30, 4U 1636-53 na kadhalika. Namba zinaonyesha mahali kwenye anga. Ile 4 ni toleo la nne la orodha. Na U ni Uhuru. Mwanafunzi wa Tokyo au Warsaw anayeandika ripoti leo usiku kuhusu nyota ya nyutroni anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili.

Kazi nayo haijahama kabisa. NuSTAR, darubini ya eksirei ya NASA iliyorushwa 2012, inazunguka karibu na ikweta kwa sababu ileile ya mwaka 1970, na data zake huteremshwa kwenye antena za Malindi. Miongoni mwa vitu ilivyovitazama ni Cygnus X-1.